Nani Atalipa Mwaka wa Tatu?

Mwaka 1962 Barack Obama mkubwa, kijana aliyetoka Nyanza na kufika Honolulu miaka mitatu kabla, alimaliza shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Alikuwa na barua mbili za kuendelea na masomo. Kama alivyokuja kueleza mwanawe, yule aliyekuwa rais wa Marekani, New School ya New York ilikuwa tayari kugharamia kila kitu: karo, malazi, na kazi chuoni ambayo ingetosha kumtunza yeye, mkewe na mtoto mchanga. Harvard iliahidi karo tu. Akachagua Harvard.

Darasani hakuwa na shida. Alifaulu mitihani ya uzamivu, akabakiza tasnifu. Lakini mwaka 1964 chuo kilimweleza kwamba hakina tena fedha za kumsaidia na kwamba afadhali akaiandikie tasnifu hiyo nyumbani. Idara ya uhamiaji nayo ikakataa kumwongezea muda. Pesa haikuwa sababu pekee, kwani wakuu wa chuo na maofisa wa uhamiaji walikuwa pia na mashaka kuhusu ndoa zake. Hata hivyo, mwanafunzi ambaye matumizi yake yote hayajalipiwa ni rahisi kumwambia aondoke. Alirudi Nairobi bila uzamivu alioufuata. Alipata kazi za maana serikalini, na mwaka 1965 aliandika uchambuzi mkali wa sera ya uchumi ya Kenya ambao unasomwa mpaka leo. Uwezo alikuwa nao. Tasnifu ndiyo haikumalizika.

Miaka miwili kabla ya Obama kuhitimu Hawaii, Septemba 1960, msichana kutoka Nyeri alisafiri kwenda Marekani katika mpango wa Tom Mboya wa kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni, safari ambazo mwaka huo zililipiwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Hakupelekwa penye jina. Alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha watawa wa Kibenediktini katika mji wa Atchison, Kansas. Alisoma biolojia akamaliza mwaka 1964, akaingia Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa uzamili, tena kwa ufadhili, na mwaka 1971 akapata uzamivu hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo. Dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Maisha ya watu wawili hayathibitishi kanuni. Ninayachukua kwa sababu yanaonyesha mahali safari hizi hukatikia. Kila mwaka, barua za vyuo zinapofika, familia za Wakenya hukaa chini na kubishana kuhusu chuo kipi ni bora. Naona mjadala huo unaanzia pasipofaa. La kwanza liwe hili: ni nani atalipa mwaka wa tatu, na ana uhakika gani? Mwaka wa kwanza hulipika. Kuna harambee, kuna shangazi aliye Dallas, kuna ng'ombe wa kuuza na msisimko wa ukoo mzima. Mwaka wa tatu harambee haiitishwi tena, shangazi ana yake, na mwanafunzi yuko mbali na nyumbani akiwa na nusu ya masomo ambayo hakuna mwajiri atakayeyahesabu.

Tuangalie hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu huficha macho. Vyuo vingi vya binafsi vyenye jina vya Marekani sasa hudai karibu dola 90,000 kwa mwaka, ukijumlisha karo, chumba na chakula. Tuseme chuo chenye jina kimempa mtoto wako punguzo la nusu. Barua hiyo inapendeza sana, ina muhuri na neno la hongera. Zinabaki dola 45,000. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 123 za Kenya, kwa hiyo ungehitaji kama milioni 5.5 kwa mwaka. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Deni lile lile, chuo kile kile, mtoto yule yule, na sasa unahitaji milioni 7.2. Zimeongezeka zaidi ya milioni moja na nusu bila mtu kununua hata kitabu. Shilingi ilipata nguvu baadaye mwaka huo na kurudi karibu 129, na walioweza kungoja walipona. Ila ofisi ya karo ya chuo haingoji shilingi ipate nguvu. Ina tarehe yake.

Wanaijeria walilipia somo hili kwa uchungu kuliko sisi. Serikali yao ilipoachia soko liamue bei ya naira Juni 2023, dola ilitoka kwenye naira 460 hivi na kufikia zaidi ya 1,500 Februari iliyofuata. Wazazi waliokuwa wamepiga hesabu vizuri, wenye akiba halali benki, walijikuta akiba hiyo imebaki theluthi moja. Mwezi Mei 2024 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba wanafunzi wa Kinaijeria katika Chuo Kikuu cha Teesside walifutwa masomo kwa kuchelewesha malipo, na baadhi yao wakaambiwa waondoke nchini. Hawakufeli mtihani wowote. Nikiisoma habari ile nilifikiri juu ya wazazi wao, watu waliofanya kila lililo sahihi isipokuwa kudhibiti bei ya dola, jambo ambalo hakuna mzazi analiweza.

Kuna wanaosema kijana atafanya kazi huko huko ajilipie. Viza ya mwanafunzi Uingereza inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Marekani mambo ni hayo hayo, tena kwa kawaida ndani ya chuo tu. Saa 20 hulipa chakula na simu, pengine na sehemu ya pango. Dola 45,000 hazitoki kwenye saa 20 za kupanga vitabu maktabani. Mikopo ya serikali ya Marekani haipewi wageni, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, umepimwa kwa karo za hapa nyumbani.

Basi mzigo unarudi nyumbani, na nyumbani pesa ina sura za watu. Chukua mwalimu wa shule ya upili aliye katika sacco. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake. Akitaka milioni 3 lazima awe ameweka milioni 1, na awe na wadhamini. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, na muda wa miaka sita, makato ya mwezi wa kwanza ni zaidi ya shilingi 71,000. Mshahara wa walimu wengi hauwezi kubeba hayo. Akiyabeba, hizo milioni 3 hazitoshi hata mwaka mmoja wa ile nusu iliyobaki. Akishindwa, sacco huwaendea wadhamini, yaani walimu wenzake walioweka sahihi zao kwa heshima ya urafiki, na kukata akiba zao. Kisha kuna shamba. Hati miliki ikishapelekwa benki, ndugu wadogo watatu ambao bado wako Grade 7 na kidato cha tatu wameshapigiwa kura bila kuulizwa. Katika mijadala ya chuo kipi kina jina, wadogo hawa hawatajwi kamwe, na hilo linaniuma kuliko yote mengine.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuipitia juu juu.

Mwaka 2002 wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti uliofuatilia wanafunzi wa Marekani walioanza chuo mwaka 1976. Badala ya kulinganisha tu waliosoma vyuo vigumu kuingia na waliosoma kwingine, walilinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya kiwango kimoja, ila mmoja akaenda kwenye jina kubwa na mwingine akaenda kwingine. Kwa wengi, mishahara yao baadaye haikutofautiana. Kijana mwenye akili na bidii aliibeba akili yake kokote alikokwenda. Watu wengi hukomea hapo, wakafunga mjadala na kusema chukua ufadhili.

Wangeendelea kusoma. Utafiti huo uligundua kundi ambalo jina la chuo liliwasaidia kweli: watoto wa familia maskini. Walipoongeza takwimu miaka iliyofuata, orodha ikaongezeka: wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Mtoto wa tajiri ana mjomba kwenye kampuni. Mtoto asiye na mjomba huyo anamkuta chuoni, kwa sura ya mwalimu, ya mwanafunzi wa chumba cha pili, ya waajiri wanaokuja kampasi kila Oktoba. Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kitu kinachofanana na hicho kuhusu vyuo 12 vya juu kabisa vya Marekani. Kwa wastani mapato ya waliosoma humo hayakupanda sana kuliko ya waliosoma vyuo bora vya umma, lakini nafasi ya kuingia kwenye kampuni zenye hadhi ilikuwa mara tatu, na ya kuingia vyuo vikuu vya juu kwa uzamili na zaidi ilikaribia mara mbili.

Kwa hiyo yule mtoto wa Kakamega au Garissa anayeota jina kubwa haoti upuuzi. Huenda jina hilo litamfaa yeye kuliko litakavyomfaa mtoto wa waziri. Ni yeye pia ambaye familia yake ina uwezo mdogo kabisa wa kulinunua. Mambo haya mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ushauri wowote unaotaja moja tu ni ushauri nusu.

Ninavyoona, jina kubwa litafutwe, ila lilipiwe na wenye jina. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawaangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wanapoamua kumkubali, na wakishamkubali hufidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Mtoto wa mkulima wa chai wa Kericho akikubaliwa Princeton anaweza kusoma kwa gharama ndogo kuliko chuo cha binafsi cha Nairobi. Ni milango myembamba sana, wanaokataliwa ni wengi mno. Lakini inaonyesha kwamba ghali na bora si kitu kimoja. Mtego uko katikati: vyuo vyenye nafasi nzuri kwenye orodha za kupanga ubora wa vyuo ambavyo humtegemea mwanafunzi wa kigeni kama chanzo cha mapato. Vingi vya Uingereza, Kanada na Australia viko kundi hili kwa shahada ya kwanza, na hilo si siri, wao wenyewe husema bajeti zao zinasimama kwa karo za wageni. Chuo kinachokuhitaji ulipe hakikuoni kwa jicho lile lile la chuo kilichoamua kukulipia.

Na hizo orodha zenyewe? Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, huhesabu tuzo za Nobel za waliosoma na wanaofundisha, pamoja na makala kwenye majarida ya Nature na Science. Ile ya QS hutoa karibu nusu ya alama zake kwa kuwauliza wasomi na waajiri wanakionaje chuo. Hakuna aliyeingia darasani kuona nani anamfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwaka 2022 Columbia ilishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 kwenye orodha ya U.S. News, inayopanga vyuo vya Marekani, baada ya Michael Thaddeus, profesa wake mwenyewe wa hisabati, kuhoji takwimu ambazo chuo kiliwasilisha. Majengo hayakuhama na walimu walibaki wale wale. Tofauti kati ya nafasi ya 40 na ya 90 haistahili ekari mbili za ardhi.

Kuna swali dogo ambalo orodha haziligusi kabisa, la bodi za taaluma. Anayetaka udaktari, uhandisi au uwakili na kufanya kazi Kenya aulize kwanza Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Bodi ya Wahandisi au Baraza la Elimu ya Sheria kama shahada hiyo itakubaliwa na kwa masharti gani. Chuo cha ufadhili kinachotambuliwa kinakishinda chuo maarufu kitakachokulazimu kuanza upya.

Sasa nigeukie ufadhili wenyewe, kwa sababu nao huchaguliwa kwa pupa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret. Watoto wao walikuwa wamesajiliwa kwenda Finland kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu, mpango ambao watu wengi mitaani waliuita ufadhili, ilhali wazazi wenyewe walikuwa wameweka mamia ya maelfu ya shilingi kwenye akaunti ya wakfu wa mpango huo. Vyuo vya Finland vikasema karo haijafika. Wanafunzi waliokuwa tayari kule wakakabiliwa na kufukuzwa, waliobaki nyumbani hawakujua pesa zao ziko wapi, na suala likaishia mahakamani. Katika barua halisi ya ufadhili, mtoaji ndiye anayelipa chuo. Ukiambiwa uweke pesa kwanza ndipo ufadhili uje, simama hapo hapo.

Hata ufadhili wa kweli una masharti yake ya maandishi madogo. Ule wa serikali ya Uturuki hulipa karo, malazi, bima, tiketi na posho ya kila mwezi, na huanza kwa mwaka mmoja wa lugha. Kijana ajue kwamba miaka minne ni mitano, na kwamba huenda atasoma uhandisi kwa Kituruki. Baadhi ya vyuo vya Marekani hufuta ufadhili alama zikishuka chini ya wastani fulani, na mwanafunzi wa fizikia aliyetoka kwenye shule isiyo na maabara anaweza kuteleza muhula wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Uliza wastani huo ni upi. Uliza kama kuna muhula wa onyo kabla ya kukatwa. Uliza kama ufadhili hupanda karo inapopanda, au ni kiasi kilekile miaka yote minne huku karo ikiongezeka kila mwaka. Uliza likizo ya Desemba mabweni yakifungwa mtoto wa Kenya analala wapi. Na uliza kuhusu watu: ni wangapi waliopewa ufadhili huu miaka minne iliyopita na wangapi wamehitimu. Chuo kinachojali wanafunzi wake kina namba hiyo tayari.

Kuna ngazi ambayo familia nyingi huisahau kwa kudhani shahada ya kwanza ndiyo ya mwisho. Wangari Maathai alitoka Atchison akapanda Pittsburgh. Njia hiyo leo ni pana kuliko wakati wake. Uzamivu wa sayansi katika vyuo vikubwa vya Marekani kwa kawaida hulipiwa na chuo, pamoja na posho ya kujikimu. Chevening na ufadhili wa Jumuiya ya Madola hulipia uzamili Uingereza, DAAD Ujerumani, na Erasmus Mundus katika nchi kadhaa za Ulaya. Kwingi huko wanaangalia alama, utafiti, na barua za walimu wanaokujua kwa undani. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani katika chuo kidogo, aliyefanya kazi maabara na profesa mmoja kwa miaka miwili, ana barua nzuri kuliko yule aliyeketi nyuma ya ukumbi wa watu 400 akiwaza karo ya muhula ujao. Wasiwasi wa pesa hula usingizi, na mwanafunzi asiyelala hasomi.

Je, kuna wakati mzazi alipie jina? Upo. Kama pesa ya miaka yote iko tayari, imewekwa kwa dola au pauni, na kuitoa hakugusi shamba wala elimu ya wadogo, basi ni suala la anachokitaka kijana, na ana haki ya kukitaka. Kama pengo ni dogo kiasi kwamba mshahara mmoja unaweza kulibeba hata shilingi ikishuka kwa theluthi, nalo linazungumzika. Nje ya hapo ningechukua ufadhili kamili kila mara, hata chuo kiwe hakijulikani kwa majirani.

Kabla ya kukata tamaa juu ya chuo unachokitaka zaidi, kuna jambo ambalo familia zetu hulionea haya bila sababu, nalo ni kuomba pesa zaidi. Vyuo vingi vya binafsi vya Marekani hupokea rufaa ya msaada wa kifedha. Mwanafunzi huandika barua fupi, ya heshima, akieleza hali ya nyumbani kwa takwimu: mapato, idadi ya wanaosomeshwa, hasara iliyotokea. Anaambatisha barua ya ufadhili aliyopewa kwingine. Vyuo vya umma vya Uingereza mara chache huwa na nafasi ya kusogea, lakini hata huko kuna basari za idara ambazo hazitangazwi kwa sauti. Kwa Marekani siku ya mwisho ya kuamua kwa kawaida ni Mei 1, na wengi huandika wiki ya mwisho ya Aprili, wakati fungu limeshagawanywa. Barua nyingi za kukubaliwa hutoka Machi. Rufaa iandikwe wiki ile ile.